SIMU IMEINGIA KWENYE REDIO YA GARI, JE AKILI YA DEREVA IMEBAKI BARABARANI?



Leo tuongelee kitu ambacho tunakiona kila siku na tunakipita. Tembea Soweto jioni, au shuka mjini kwa mafundi redio, hutakosa kuona Noah au IST imefunguliwa dashibodi, nyaya zimemwagika kama utumbo wa mbuzi, na fundi kaingiza kichwa chini ya usukani. Ukiuliza kinafungwa nini, jibu ni lile lile: redio mpya ya Bluetooth. Inacheza nyimbo za kwenye flashi, inacheza nyimbo za kwenye simu, na simu ikiita muziki unakata wenyewe, sauti ya mpigaji inatokea kwenye spika za gari, dereva anaongea huku mikono yote iko kwenye usukani. Na maneno yanayouza redio hizi tunayajua: ukifunga hii trafiki hana cha kukukamatia, uko salama kabisa.

Hapo kwenye "uko salama kabisa" ndo nataka tupachambue, maana hapo ndo roho za watu zilipo. Msimamo wangu nausema mapema ili tusizungushane: redio hii inaachia mkono wa dereva, haiachii akili yake. Na kwa gari za abiria, tatizo kubwa haliko kwenye redio, liko kwa yule anayempigia dereva simu huku anajua kabisa yuko barabarani. Sasa twende taratibu.

KWA NINI REDIO ZINANG'OLEWA

Kwa wale wasiofuatilia mambo ya magari, gari nyingi ndogo tunazopanda hapa ni za kutoka Japani zikiwa zimeshatumika. Sasa Wajapani FM yao ilianzia 76 ikaishia 90, na ni baadaye tu ndo wakaongeza hadi 95. Sisi huku FM yetu ni 87.5 hadi 108. Kwa hiyo unanunua gari yako, unawasha redio, unakuta stesheni karibu zote unazozipenda haziingii. Juu ya hapo, maandishi kwenye kioo ni ya Kijapani, inakudai ramani ya Osaka. Na zipo redio za Toyota ambazo ukichomoa betri tu zinajifunga na kudai namba ya siri, na mwenye nayo yuko huko huko Japani.

Mwenye gari hapo ana njia nne, na ni vizuri kuzijua maana kila moja inashughulika na simu kwa namna yake.

Ya kwanza ni kile kiboksi kidogo kinachochomekwa kati ya antena na redio, kinashusha mawimbi ili redio ya Kijapani iyashike. Kama kinashusha kwa 20, basi stesheni ya 100 utaisikia kwenye 80. Ni rahisi, lakini dirisha la redio ni dogo kuliko FM yetu, kwa hiyo kuna stesheni utazipata na nyingine utazikosa. Kwa upande wa simu hakisaidii kitu.

Ya pili ni kile kidude cha kuchomeka kwenye tundu la kuwashia sigara. Kinaongea na simu yako kwa Bluetooth, halafu kinarusha sauti kama stesheni ndogo ya FM na redio ya gari inaidaka. Ndo cha bei ya chini, ndo maana kimejaa kila mahali. Ubaya wake ni kwamba vidude hivi vinarusha kati ya 87.5 na 108. Redio ya Kijapani inayoishia 90 inabakiwa na kipande kidogo tu cha kukutania nacho, kuanzia 87.5 hadi 90. Ukikuta stesheni ya kweli inarusha hapo hapo, inakumeza. Ukitoka mjini ukafika Himo mawimbi yamebadilika, unaanza kutafuta namba nyingine huku unaendesha. Na maiki yake iko huko huko chini karibu na gia, kwa hiyo mpigaji anasikia injini kuliko anavyokusikia wewe. Matokeo yake dereva anainama kuongea na tundu la sigara! Nani ameona hajaona?

Ya tatu ni kupitisha kwenye AUX, kama redio unayo tayari na ina tundu lake. Unachomeka waya kutoka kwenye simu, au unaweka kipokezi kidogo cha Bluetooth. Kwa muziki sauti ni safi kuliko ya kurusha kwa FM. Kwa simu ni bahati nasibu, inategemea kipokezi kina maiki au hakina.

Ya nne ni kung'oa redio yote na kufunga nyingine, iwe ya tundu dogo au ile ya kioo kikubwa cha Android. Hapa ndo mafundi wanakula vizuri, na hapa ndo pana mengi ya kuangalia.

MAMBO YA KUMUULIZA FUNDI

Bluetooth inabeba simu kwa njia moja na muziki kwa njia nyingine. Njia ya simu inakwenda na kurudi, maana mnaongea wawili. Njia ya muziki inakwenda upande mmoja tu, na sauti yake ni nzito zaidi. Kuna redio zinazojua njia ya muziki tu. Zimeandikwa Bluetooth kubwa mbele, lakini simu ikiita unabaki kuongea kwenye simu yenyewe. Kabla ya kulipa, mwambie fundi au muuzaji aiunganishe na simu yako pale pale, upigiwe, uongee. Hata vitochi vingi vyenye Bluetooth vinakubali, usidhani ni mpaka simu janja.

Pili, maiki. Redio nyingi zina maiki ndani ya uso wake na nyingine zinakuja na maiki ya waya. Ile ya waya ndo mkombozi. Inatakiwa ipandishwe juu, kwenye nguzo ya kioo cha mbele au karibu na kile kibao cha kuzuia jua, ielekee mdomo wa dereva. Fundi mvivu anaiacha nyuma ya dashibodi kwa sababu kupitisha waya ni kazi. Maiki ikikaa vibaya, mpigaji anasema "hallo, sikusikii", dereva anapaza sauti, anapunguza kioo, anasogeza kichwa, mwishoni anachomoa simu na kuiweka sikioni. Redio imefungwa kwa hela nyingi na tumerudi tulikotoka.

Tatu, nyaya. Kwa kawaida waya wa njano unatoka betri moja kwa moja kulinda kumbukumbu ya redio, mwekundu unatoka kwenye swichi ya ufunguo, mweusi unaenda kwenye bodi ya gari. Fundi akiunganisha wa njano na mwekundu pamoja ili amalize haraka, redio inabaki inakula betri usiku kucha na asubuhi unasukuma gari na majirani. Na wenye Fuso na baadhi ya Coaster kaeni macho, nyingi zina umeme wa volti 24. Redio ya volti 12 ukiipachika hapo bila kifaa cha kupunguza, moshi wake utauona wewe mwenyewe.

Nne, na hii naomba msome mara mbili. Redio za kioo zina waya mmoja wa breki ya mkono. Kazi yake ni kuiambia redio kwamba gari imesimama, ndipo video iruhusiwe kucheza mbele ya dereva. Breki ikiachiwa, video inakata. Watengenezaji waliweka kufuli hilo kwa makusudi. Lakini waya huo kufunguliwa ni kazi ya dakika moja, unaunganishwa kwenye bodi ya gari basi redio inadanganywa kwamba gari imesimama muda wote. Mteja anafurahi, video inacheza kutoka Moshi mpaka Arusha, na dereva naye anaangalia. Wadau, hiyo si huduma. Ni kumuuzia mtu ajali kwa hela yake.

MKONO NA AKILI

Sasa tuje kwenye ile ahadi ya kwamba ukiongea bila kushika simu uko salama. Hili limeshachunguzwa kwa miaka mingi huko duniani na majibu yake hayafurahishi wauzaji.

Mwaka 1997 watafiti wawili, Redelmeier na Tibshirani, walichapisha kazi yao kuhusu madereva 699 wa Toronto, Kanada, waliokuwa na simu na waliopata ajali. Wakalinganisha muda wa simu zao na muda wa ajali. Hatari ya kugonga wakati wa kuongea ilikuwa karibu mara nne. Na wale waliokuwa na simu za kuongea bila kushika hawakuonekana kuwa na nafuu yoyote. Mwaka 2005 watafiti wengine wakafanya hivyo hivyo huko Perth, Australia, kwa madereva 456 waliofika hospitali baada ya ajali. Jibu likawa lile lile, mara nne, kwa aliyeshika na kwa asiyeshika. Shirika la Afya Duniani nalo linasema hivyo hivyo, kwamba kuongea bila kushika si salama sana kuliko kushika.

Inakuwaje? Profesa David Strayer wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, na wenzake walifuatilia macho ya madereva waliokuwa wanaongea kwenye simu bila kuishika. Macho yalikuwa yanaangalia vitu barabarani, lakini baadaye walipoulizwa waliona nini, mengi hawakuyakumbuka. Yaani jicho limeona, akili haikuwepo. Sisi wenyewe tunayo maneno yake: mtu yupo hayupo.

Mwaka 2015 utafiti mwingine wa huko huko Utah, uliofadhiliwa na taasisi ya usalama barabarani ya AAA, ulionyesha kwamba baada ya dereva kumaliza kuamrisha simu au gari kwa sauti, akili yake inaweza kuchukua hadi sekunde 27 kurudi barabarani yote. Tupige hesabu ya darasa la saba. Gari ikiwa spidi 50 inakula mita 14 hivi kwa sekunde. Sekunde 27 ni zaidi ya mita 370. Ni viwanja vitatu vya mpira na ushee, na dereva yuko nusu nusu, wakati simu ameshamaliza nayo.

Najua kuna mtu ameshakunja uso anasema mbona dereva anaongea na abiria na hatuoni shida? Swali zuri. Abiria aliyekaa mbele anaona barabara. Ukifika kwenye kona mbaya au mbuzi akikatiza, abiria ananyamaza mwenyewe, wakati mwingine anapiga kelele "angalia!" Yule wa kwenye simu amekaa kitandani Tabata, hajui kama unapishana na lori la mchanga. Anaendelea tu kukuuliza hela ya msiba umetuma au hujatuma.

Tusiende upande wa pili tukapotosha pia. Kuandika meseji na kutafuta namba huku unaendesha ni mbaya zaidi ya yote, maana hapo akili, jicho na mkono vyote vimeondoka. Gari ya spidi 80 inakula mita 22 kwa sekunde. Ukiangalia meseji sekunde tano umeshaendesha mita 110 ukiwa kipofu. Redio yenye kitufe cha kupokea simu kwenye usukani inapunguza hilo, na ndo faida yake ya kweli. Muziki nao wenyewe hauna ugomvi mkubwa. Ugomvi ni kutafuta wimbo. Panga nyimbo zako kwenye flashi kabla hujaondoka, acha zicheze. Na sauti iache nafasi ya kusikia honi ya mwenzako, siyo mpaka vioo vinatetemeka.

Kwa hiyo faida ipo, lakini ni ndogo kuliko inavyotangazwa. Hatari ni pale mtu aliyekuwa anakata simu kwa kuogopa trafiki, baada ya kufunga redio anaanza kupokea zote. Alikuwa anaongea mara mbili kwa safari, sasa anaongea mara kumi. Amejiongezea hatari huku anaamini amejilinda.

SHERIA INAONA MKONO

Sheria yetu mama ya usalama barabarani ni ya mwaka 1973. Mwaka huo huo, tarehe 3 Aprili, Martin Cooper wa kampuni ya Motorola alisimama mtaani New York akapiga simu ya kwanza kabisa ya mkononi. Yaani sheria na simu ya mkononi ni rika moja, ila wakati sheria inatungwa hakuna aliyefikiria kwamba siku moja dereva wa Kibosho atakuwa na simu mbili mfukoni. Kosa la kuendesha bila uangalifu lipo na trafiki anaweza kulitumia. Lakini atalithibitishaje kwa dereva anayeongea na redio yake? Akimwona midomo inacheza, dereva atasema alikuwa anaimba mapambio.

Jirani zetu, ukivuka Holili kuingia Taveta, Kenya kwenye kanuni zao za makosa madogo za mwaka 2016 waliandika kabisa faini ya shilingi 2,000 za kwao kwa dereva anayetumia simu gari ikiwa inatembea. Uingereza walipiga marufuku kushika simu tangu Desemba 2003, na Machi 2022 wakakaza zaidi, hata kuishika kwa ajili ya kupekua orodha ya nyimbo ni kosa. Lakini bila kushika wameruhusu, ila polisi akiona huimudu gari anaweza kukushtaki. Marekani, bodi yao ya kuchunguza ajali, NTSB, Desemba 2011 ilipendekeza majimbo yote yakataze madereva kutumia vifaa kama simu hata kama hawajavishika, isipokuwa kwa dharura. Majimbo mengi yameishia kukataza kushika tu.

Unaona mwelekeo? Kila mahali sheria inakamata mkono kwa sababu mkono unaonekana. Tochi inapima spidi, kipimo kinapima pombe, lakini hakuna tochi ya kupima kama akili ya dereva iko Marangu Mtoni au iko kwa tajiri yake. Kwa hiyo tukisubiri trafiki atumalizie hili tutasubiri sana.

NANI ANAPIGA HIYO SIMU?

Hapa ndo nilikuwa nawaleta. Chukua dereva wa Noah anayepanda Uru, Kibosho, Machame au Marangu. Barabara ni kona juu ya kona, pembeni migomba na mifereji, wanafunzi wanatembea ukingoni, mvua ikinyesha lami inateleza, na kwenye barabara za vumbi ndo usiseme. Dereva huyu kwa siku anapigiwa na nani?

Anapigiwa na tajiri. "Uko wapi? Umepakia wangapi? Hesabu imefika?" Tajiri anajua kabisa muda ule gari iko njiani, kwa sababu ndo muda wa kazi! Anapigiwa na abiria wa kudumu: "Nipitie hapa kwenye kona, nina mikungu miwili ya ndizi." Anapigiwa na mwenzake wa mbele kumwambia trafiki wako wapi. Anapigiwa na wa nyumbani. Na anapigiwa na mtu wa stendi kumuuliza zamu.

Akikataa kupokea? Abiria anachukua gari nyingine. Tajiri anakasirika, na kesho funguo zinapewa mwingine. Wengi wa madereva hawa hawana mkataba wa maandishi, na deiwaka wanaosubiri kiti chake ni wengi. Kwa hiyo mtu anapokea simu kwa sababu ya unga wa watoto wake, siyo kwa sababu ni mjinga au hajasikia semina ya usalama barabarani. Ukimtoza faini yeye peke yake, umempiga aliyeshika simu na umemwacha aliyeipiga.

Na kuna jambo ambalo wauza redio hawalisemi. Kwenye gari ya abiria, simu ya kwenye spika haina siri. Tajiri akifoka, gari zima linasikia. Mama watoto akidai hela ya ada, gari zima linasikia na bibi wa siti ya nyuma anachangia mawazo. Dereva akiaibika mara mbili, mara ya tatu anazima Bluetooth na kurudisha simu sikioni, au anaibana kati ya bega na shavu. Kwa hiyo ile redio iliyofungwa kwa ajili ya usalama, kwenye Noah imebaki ya muziki tu. Boda nao wanaichomeka simu ndani ya helmeti, wanaongea na upepo. Ni tatizo lile lile kwa umbo lingine.

Halafu inakuja Desemba. Wachaga wote wa duniani wanarudi kuhesabiwa. Gari ndogo zinatoka Dar, zaidi ya kilomita 500, dereva ni mwenye gari mwenyewe, hajazoea safari ndefu, amechoka. Na ndugu kumi wanampigia kwa zamu: umefika Korogwe? Umefika Same? Mbuzi tumchinje saa ngapi? Kila mmoja anampigia kwa upendo. Lakini mahesabu ya Toronto na Perth hayajui upendo. Kila simu ile inamwongezea hatari mtu tunayemsubiri mezani.

TUFANYE NINI?

Sipendi kulalamika bila kuweka mezani kitu. Mawazo yangu ni haya.

Kwa matajiri wa magari: kuweni na saa za kupiga. Asubuhi kabla gari haijatoka, mchana gari ikiwa stendi, jioni wakati wa hesabu. Katikati kama kuna dharura mpigie konda. Na kama gari haina konda, tuma meseji, dereva ataisoma akisimama. Hii haihitaji redio mpya wala sheria ya bunge. Inahitaji heshima tu kwa mtu aliyebeba mali yako na roho za watu.

Kwa madereva: kama unafunga redio, funga kwa ajili ya kukata simu haraka na kumwambia mtu "niko njiani nitakupigia", siyo kwa ajili ya kupiga stori. Angalieni magari ya watalii yenye redio za upepo. Wanaongea kwa kifupi, nani yuko wapi, njia ikoje, basi. Hakuna anayesimulia harusi. Simu ya garini nayo ingeenda hivyo, sekunde chache imeisha. Ikizidi hapo, paki pembeni.

Kwa mafundi: pandisheni maiki juu, tenganisheni waya wa njano na mwekundu, na ule waya wa breki ya mkono ufungeni sehemu yake. Mteja akibisha, mwambie watoto wake ndo abiria wake wa kwanza.

Kwa abiria, yaani mimi na wewe: namba ya kuchukua iwe ya konda. Ukimpigia mtu akasema anaendesha, sema neno moja, "sawa, ukifika", ukate. Na ukiwa ndani ya gari dereva anaongea na simu, sema. Wazee wetu wa siti ya mbele wanasema, vijana tumenyamaza tunachezea simu zetu.

Kwa LATRA, trafiki na vyama vya wasafirishaji: mabasi ya mikoani yanafuatiliwa kwa mitambo ya VTS, spidi inaonekana ofisini. Vizuri. Sasa mkutane na matajiri, siyo madereva peke yao. Kwenye semina ya usalama barabarani mleteni mwenye gari akae mbele, aulizwe jana alimpigia dereva wake mara ngapi na saa ngapi. Rekodi za simu zipo kwenye simu yake mwenyewe, hazihitaji mtambo.

Nimalizie kwa kusema sipingi teknolojia. Gari kuwa na muziki safi na simu isiyoshikwa ni maendeleo, na vijana wetu wanaozifunga wanapata riziki halali. Ninachopinga ni kuuziwa usalama ambao haumo ndani ya boksi. Bluetooth inaunganisha simu na redio. Dereva na barabara inabidi tuwaunganishe sisi, kwa kuacha kumpigia.

Huo ni mtazamo wangu wadau, mwenye wa kwake aumwage hapa chini. Hasa madereva, na hasa matajiri: mkiambiwa msipige simu gari ikiwa njiani, hesabu itapungua kweli au ni mazoea tu?

Nawasilisha.